Baba Yetu Tatu Chini ya Gari

Ukifika kwa Fundi ukaanza na habari za gari, umeshaharibu. Atakusikiliza mpaka mwisho, atafuta mikono kwa kitambaa chake, kisha atakuuliza, "Kwenu hawasalimiani?" Halafu atarudi chini ya gari la mtu mwingine na kukuacha umesimama juani.

Nilimwona akimfanyia hivyo bwana mmoja ambaye duara lake, yaani shimo lake la uchimbaji, lilikuwa limetema dhahabu wiki iliyopita. Alikuja na gari jipya, anazungusha funguo kidoleni, akasema, "Mzee, hii mashine inachemsha, hebu icheki." Fundi akafunga boneti polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala. "Gari haliumwi," akasema. "Rudi kesho, uje na shikamoo." Bwana yule akacheka, akaondoka kwa vumbi. Kesho yake alirudi na shikamoo, na Fundi alishinda kutwa nzima kwenye gari lake bila kinyongo.

Mimi sikuwa na shida hiyo. Nimelelewa Mwadui na baba ambaye usingepewa chai asubuhi kabla ya kumsalimia. "Shikamoo, Fundi," nilikuwa nikisema, na sauti ikitoka chini ya gari, "Marahaba, mayu." Mayu ni mama, kwa Kisukuma, na kwake kila mwanamke alikuwa mayu, hata binti wa miaka sita. Mwili wake ulikuwa chini ya chuma, na kilichoonekana ni miguu tu, ndani ya makatambuga aliyoyashona mwenyewe kwa tairi chakavu. Kwa miaka kumi na miwili nadhani nimeisalimia ile miguu mara nyingi kuliko uso.

Alikotoka sijui. Wengine husema ni wa Chato, wengine husema aliletwa Geita na dhahabu kama sisi sote. Jina lake nalijua, ila hata mke wake humwita Fundi, na Geita ina mafundi wa kujaza uwanja wa mpira. Ukisema "nimetoka kwa Fundi" hakuna anayekuuliza yupi.

Kilichompa sifa ni kitu kidogo, kisichozidi ncha ya kidole gumba. Chini ya rejeta ya gari kuna kizibo cha plastiki. Ukikifungua, maji machafu yanatoka, unaweka masafi, unaendelea na maisha yako. Lakini joto la miaka huifanya plastiki ile kuwa kama biskuti. Mtu anakizungusha kwa nguvu, kichwa kinabaki mkononi mwake na shina linabaki ndani ya rejeta. Hapo ndipo watu wazima wanapopoteza akili. Mmoja anatoboa na drili mpaka anatoboa rejeta yenyewe. Mwingine anagonga na nyundo, shina linatumbukia ndani, na sasa ana matatizo mawili.

Fundi hakuwa na drili. Alikuwa na bisibisi bapa yenye mpini wa mti uliokuwa mweusi kwa mafuta, na jiko la mkaa. Kwanza gari lipoe. Hilo halikuwa na mjadala, hata kama abiria wako walikuwa wanatukana. Kisha bisibisi inawekwa kwenye mkaa, ipate moto bila kuwa nyekundu. Analala chali, anaingia chini, anaisukuma ncha katikati ya lile shina, plastiki inayeyuka kidogo na kuikumbatia. Halafu anabaki hivyo hivyo, mkono umetulia, mpaka ipoe na kushikana. Ukiitikisa kabla, umebomoa. Hakutumia saa. Alisali Baba Yetu tatu, taratibu, kwa sauti ya kunong'ona, na baada ya amina ya tatu alizungusha kuelekea kushoto huku akivuta, na shina lilikuja lenyewe. Waislamu waliokuwa wakisubiri gari zao walikuwa wakisema, "Tulieni, yuko ya pili," na Wakristo walikuwa wakicheka.

"Usilazimishe na usiachie," alikuwa akisema. Alilisema kwa vizibo, kwa ndoa, na mara moja kwa mbuzi aliyekuwa amekwama kwenye senyenge.

Vipande alivyovitoa, pamoja na vichwa vyake, alivihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga. Siku akiwa na furaha alivimwaga mezani na kukuonyesha: hiki cha lori la mchanga, hiki cha gari la padri, hiki cha yule mama wa saluni. Nilimwuliza mara kadhaa changu kiko wapi. "Chako kilipotea, mayu," alikuwa akijibu, na kuvirudisha vyote kwenye kopo.

Tena ilisemwa kwamba Fundi hasemi uongo. Hiyo ilikuwa sifa yake ya pili, na iliwaudhi wengi. Mtu alinunua gari, akalileta kwa madaha ili lisifiwe, Fundi akalizunguka mara moja na kusema mbele ya watu, "Hii ni maiti iliyopakwa rangi." Siku nyingine dereva na mwosha magari walikuwa karibu kupigana juu ya taa ya nyuma iliyovunjika. Dereva alisema imevunjwa pale pale, mwosha magari alisema ilikuja hivyo. Wakaletwa kwa Fundi. Alikiokota kipande cha plastiki, akakigeuza ukingo wake kwenye mwanga. "Palipovunjika leo ni peupe," akasema. "Palipovunjika zamani pameshika uchafu. Hapa pana uchafu. Dereva, mwombe msamaha mwenzako." Dereva aliomba. Nani angebishana na Fundi?

Lakini mtu huyo ukimtazama kwa karibu unachanganyikiwa. Alikuwa akiwagombeza wachimbaji wanaokwenda kwa waganga kutafuta bahati ya dhahabu, anawaita wajinga mchana kweupe, na yeye mwenyewe hakugusa gari lililoelekea magharibi. Lazima uligeuze kwanza. Ukimwuliza kwa nini, anasema, "Mwanga." Hata kukiwa na mawingu. Alitengeneza magari ya wilaya nzima na kupanda baiskeli maisha yake yote, kwa sababu, alisema, gari linakimbia mno. Alikuwa na subira ya kusali Baba Yetu tatu chini ya injini, lakini ugali hakuweza kuusubiri upoe, aliula unatoa moshi na kulalamika kwamba mke wake anataka kumuua.

Na kwangu alikuwa na wema nisiouelewa. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa. Nawanunua Nkome, mwaloni wanakotua wavuvi, nawapeleka Shinyanga mjini kwa pikapu yangu. Hata kama foleni kwa Fundi ilikuwa ya magari sita, langu lilitangulia, na waliolalamika waliambiwa waende kwingine. Kuna siku alikuja na baiskeli mpaka sokoni, akasimama mbele ya meza yangu na kuuliza neno moja tu: "Maji?" Nikamwambia yamejaa, rejeta nzima. Akaondoka. Akarudi wiki iliyofuata na "Maji?" yake. Nilikuwa mjane wakati ule, na wenzangu sokoni walinicheka mpaka nikaanza kujipaka hina. Nilikuwa hata nimeshaandaa jibu la heshima, maana mke wake ni mtu wa maana sana na mimi si mtu wa uke wenza. Hakuuliza kitu kingine zaidi ya maji. Jibu langu liliozea kifuani.

Siku niliyomjua kwanza ilikuwa siku mbaya kuliko zote maishani mwangu. Baba alikuwa amefariki Mwadui jioni iliyotangulia, na kaka yangu mkubwa alinipigia alfajiri kwamba tunazika leo saa nane. "Tutakusubiri," alisema. Mabasi ya asubuhi yalikuwa yameshaondoka. Pikapu ilikuwepo, ila ilikuwa imechemsha juzi yake nikitoka Nkome, kwa hiyo saa moja nikaipitisha kwa huyu fundi niliyeelekezwa. Nilimsalimia, nikamweleza msiba. Akasema safari ni ndefu, tumwage maji machafu kwanza, ni dakika kumi. Akaingia chini. Mimi nilisimama pembeni na simu, nalia na shangazi.

Alipotoka, alikuwa ameshika kichwa cha kizibo. "Kimevunjika zamani, mayu," akasema. "Umeliendesha gari likiwa kavu, plastiki imeungua."

Na kweli nilikuwa nimeliendesha likiwa kavu, mara moja, kutoka Nkome, kwa sababu dagaa walikuwa wanangojewa. Kwa hiyo sikubisha. Shina lilikuwa limekwama vibaya, akalazimika kuifungua rejeta nzima. Niliondoka saa sita. Wakati ule hatukuwa na daraja, tulivuka ziwa kwa kivuko, na kivuko hakijui msiba wa mtu. Nilifika Mwadui jua likizama, nikakuta tuta jekundu na maua juu yake. Walinisubiri mpaka saa kumi. Kwetu kila mtoto hutupa konzi ya udongo kaburini, na kaka alitupa mbili, ya pili kwa niaba yangu, akasema, "Hii ya Mama Neema, yuko njiani."

Baada ya matanga, mbele ya ukoo, kaka alisema dagaa wangu wamenizuia kumzika baba. Nilikuwa na ushahidi wa Fundi kwamba kosa ni langu, na Fundi hasemi uongo. Niliubeba ule usemi miaka kumi na miwili. Naenda Mwadui kwa harusi na ubatizo, lakini makaburini nilikuwa nasimama nyuma ya watu, kama mgeni.

Mwaka huu kaka alitangaza kwamba tunalijengea kaburi la baba saruji, na kila mtoto atasimama pale na kusema neno. Wiki moja kabla ya siku hiyo, nikiwa naiandaa pikapu mwenyewe, nililala chini na kukizungusha kizibo cha rejeta. Nilikuwa nawaza neno nitakalosema, mkono ukazidisha nguvu. Kikalia kak. Kichwa hiki hapa mkononi, shina ndani. Nilicheka kwanza, kisha nikalia. Rejeta ilikuwa bado imezibwa na lile shina, haivuji, kwa hiyo niliwasha gari nikaenda taratibu nyumbani kwa Fundi.

Nilikuwa na miezi mingi sijamwona. Alikuwa ameacha kazi. Alikaa uani kwenye kigoda, mikono mapajani, na ile mikono ilikuwa inatetemeka hata pale ilipolazwa. Sikujua nitazame wapi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mayu. Umekuja kutazama mti mkavu?"

"Nimevunja kizibo."

Akacheka mpaka akakohoa. "Ligeuze gari kwanza. Linatazama magharibi."

Nikaligeuza. Tukasubiri lipoe. Mke wake alituletea karanga na kurudi jikoni, na mimi, kwa kuwa kungoja kunafungua mdomo, nikamweleza yote: kaburi, kaka, ile konzi ya udongo, na kwamba siku ya Jumamosi nitasimama mbele ya ukoo na sina neno. Sikuwahi kumweleza kabla. Alijua tu kwamba nilikuwa nakwenda kuzika, hakujua kwamba sikuwahi. Au nilidhani hakujua. Alisikiliza akimenya karanga moja kwa muda mrefu, ikamponyoka, hakuiokota.

"Mikono yangu haifai," akasema mwisho. "Utafanya wewe. Leta jiko."

Nikaweka bisibisi yake kwenye mkaa. "Isiwe nyekundu," alisema. "Ikiwa nyekundu inakula kila kitu." Nikatandika gunia, nikaingia chini. Nikalitafuta lile shina kwa kidole, nikaielekeza ncha katikati, nikasukuma. Moshi mdogo, harufu ya plastiki, kisha nikahisi chuma kimezama.

"Tulia hapo hapo. Baba Yetu tatu."

Kutoka pale chini nilichokiona ni miguu yake tu, makatambuga yale yale. Nikaanza kusali. Nilikuwa kwenye ya pili aliposema, "Kile cha kwanza."

"Kipi, Fundi?"

"Cha siku ya msiba wa baba yako. Usitikise mkono."

Sikutikisa.

"Kilikuwa kizima, mayu. Hakikuwa kimevunjika. Nilikivunja mimi. Wewe ulikuwa unalia kwenye simu, nikaona nikuharakishe, nikashika plaizi nikalazimisha. Kikakatika. Nikaona aibu, ndiyo maana nikakwambia ni wewe."

Mkono wangu ulikuwa juu, umeshika mpini wa moto, na machozi yalikuwa yanaingia masikioni kwa sababu nilikuwa nimelala chali. Nilitaka kutoka. Nilitaka kukivuta kile chuma nikirushe. Lakini ningeachia, shina lingebomoka na ningekaa bila gari wiki nzima. Mzee yule alilijua hilo. Nilimkasirikia kwa kosa la miaka kumi na miwili na nikamkasirikia zaidi kwa kuchagua dakika ile, nisiyoweza kumtazama wala kukimbia.

"Uko ya ngapi?" akauliza.

"Sijui!"

"Basi anza ya tatu."

Nikaanza ya tatu. Nilipofika amina nikazungusha kushoto, nikivuta, kidogo kidogo. Kikakataa. Kikakataa. Kisha kikaja, na maji ya kutu yakanimwagikia mpaka kwapani.

Nilipotoka nje alikuwa amenyoosha mkono wake unaotetemeka, na kiganjani kilikuwepo kichwa cha kizibo, kikiwa kimefungwa kwa karatasi ya gazeti. "Chako hakikupotea," alisema. Nikakichukua upesi, nikakifungua, nikakigeuza ukingo wake kwenye mwanga, kama alivyonifundisha mwenyewe. Palipovunjika leo ni peupe, palipovunjika zamani pana uchafu.

Palikuwa peusi. Miaka kumi na miwili ndani ya karatasi na mafuta, palikuwa peusi kabisa, na hata kama siku ile palikuwa peupe kama maziwa, sasa hapakuwa na wa kujua. Kama kilikuwa kizibo changu hasa, au kimoja tu kati ya vile vya kwenye kopo, hilo nalo sikuweza kulijua.

Hapo ndipo kichwa changu kilipovurugika. Nusu saa kabla nilikuwa nimemweleza mzigo wangu. Sasa ananiambia mzigo ni wake. Nikajaribu kukumbuka ile asubuhi, kama nilisikia mlio wa kak. Mara nausikia wazi, mara naona nimeusikia wiki hii na kuupeleka kule mwenyewe. Wema wake wa miaka yote, foleni, "Maji?" ya sokoni: ulikuwa ni dhamira inayomsuta? Au alikuwa tu mzee aliyemhurumia mjane?

"Fundi," nikamwambia, "ulinidanganya siku ile, au unanidanganya leo?"

Akachomoa kizibo kipya mfukoni, akanikabidhi. Fundi ambaye hasemi uongo alikuwa amenidanganya mara moja, hilo halikwepeki. Siku ipi, ndilo swali.

"Kizibo kipya," akasema, "kaza kwa vidole. Usitumie spana."

Nikakaza kwa vidole. Nikajaza maji. Nikawasha, nikangoja, halikuvuja. Nilikuwa sijamuaga, sikujua nitamuaga vipi. Nikaingia ndani ya gari nikafunga mlango. Nikamwona anajiinua kwenye kigoda, anashika ukuta, anakuja hatua moja moja mpaka dirishani. Mzee wa umri wa baba yangu, aliyemfukuza mwenye dhahabu kwa kukosa salamu. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mayu," akasema.

Mzee hamwamkii mdogo. Nilidhani nimesikia vibaya, lakini alikuwa bado ameinama, anangoja. Kuitikia ilikuwa kukubali, na mimi sikuwa nimejua nakubali nini, msamaha au zawadi. Injini ilikuwa inanguruma. Nilifungua mdomo ili kumwambia asifanye hivyo, na kilichotoka kilikuwa "Marahaba."

Akainua kichwa, akapiga mlango makofi mawili kama anavyofanya kila gari likiwa tayari, akarudi kwenye kigoda chake.

Jumamosi nilikuwa Mwadui mapema kuliko wote. Zamu yangu ilipofika kaka alinitazama, na mimi nikasogea mbele mpaka vidole vya miguu vikagusa saruji mbichi. "Shikamoo, baba," nikasema. Kisha nikamweleza kwa nini nilichelewa. Nilikuwa na sababu mbili na sikujua ya kweli ni ipi, nikamwambia zote.